Kauri zilizochapwa za kushikia vimeng'enya: nisikilizeni kabla hamjaagiza

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye daladala na bando limebaki kidogo. Kauri yenyewe ni nzuri mno. Dawa zilizokuja nayo ni za kawaida tu. Karatasi ya maelekezo ningeifungia vitumbua. Nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu imetokana na tanuru, nitafika huko.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mtoto wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu iko Graz, Austria. Mji si mkubwa, lakini ukitaja vimeng'enya au kemia ya mtiririko, wenye fani yao wanaujua. Bosi wangu aliziona kauri hizi kwenye maonyesho, akaagiza, akaniwekea boksi mezani na neno moja tu: jaribu. Wadogo zangu walioko Mlimani na wengine Nairobi wamekuwa wakiniuliza kama zinafaa kuombewa fedha kwenye bajeti ya mradi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kampuni siitaji. Ni ndogo, iko hapa hapa Ulaya, na ninayosema yatawasaidia hata mkinunua kwa mwingine.

Kwa ambaye hii si fani yake: tunataka kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kifanye kazi ndani ya mrija. Pampu inasukuma malighafi upande huu, bidhaa inatoka upande ule, mchana na usiku, hakuna kusimamisha mtambo ili umwage na kujaza upya. Sharti ni moja, kimeng'enya kibaki ndani. Kikielea huru kitatoka pamoja na bidhaa, na hela yako itatoka nacho. Kwa hiyo kinashikizwa kwenye kitu kigumu. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1916 Nelson na Griffin walionyesha kwamba invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya mezani, kikinata kwenye mkaa kinaendelea kufanya kazi. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ikawa imeshaingiza jambo hilo kiwandani, ikitenganisha amino asidi kwa kimeng'enya kilichoshikizwa ndani ya neli inayotiririka. Kipya hapa ni umbo la hicho kitu kigumu. Zamani ulipewa punje, ukazijaza kwenye neli na kuomba Mungu zikae vizuri. Sasa unapewa kipande kimoja ambacho kila njia ya ndani imechorwa kwenye kompyuta.

Ndani ya boksi tulikuta silinda nyeupe za alumina (oksidi ya alumini), urefu sentimita 10, kipenyo sentimita 1, za aina mbili: zenye njia za milimita 1 na zenye njia za nusu milimita. Kulikuwa na ganda la plastiki ngumu ya PEEK la kuzivalisha, oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji), viungio vya mirija ya inchi 1/16, na chupa za dawa za kushikizia: sileni inayoota juu ya kauri, glutaraldehaidi inayokifunga kimeng'enya kwenye sileni hiyo, na bafa ya kutuliza kiwango cha asidi.

Ukiishika mkononi unapenda. Imechapwa kwa mwanga: unga wa alumina unachanganywa na utomvu unaoganda ukimulikwa, printa inagandisha tabaka juu ya tabaka, kila tabaka jembamba kuliko unywele, kisha kipande kinaingia tanuruni. Kwanza moto wa polepole wa kuchoma utomvu wote, na hapo haraka haina nafasi, gesi ikitoka kwa kishindo kipande kinapasuka. Baadaye moto wa nyuzi 1600 hivi unaozifanya chembe zishikane bila kuyeyuka. Katika hatua hiyo kipande husinyaa kwa karibu asilimia 20 kila upande. Iweke akilini hiyo asilimia 20.

Umbo la ndani ni jiroidi, uso uliopinda pinda ambao Alan Schoen aliueleza mwaka 1970 akiwa NASA. Hauna pembe wala kona, na hauna sehemu ambayo maji yanaweza kujificha na kulala. Jambo ambalo muuzaji hakulisema: jiroidi ya ukuta mwembamba hugawa nafasi kuwa mitaa miwili isiyokutana kabisa. Kinachoingia mtaa wa kwanza kinatokea mtaa wa kwanza. Kama kwenye mlango wa kuingilia mtaa mmoja umeziba kidogo, mwingine unabeba mzigo wote na wewe huoni kitu kwa nje. Kila kipande kipya sasa nakitazama mwangani pande zote mbili kabla ya kukifunga.

Nikatia rangi. Hili ndilo jaribio la kwanza ambalo mtu yeyote anayenunua kauri hizi anapaswa kulifanya, na halihitaji hata kimeng'enya. Unapitisha maji, unachoma tone la rangi ya buluu kwenye mkondo, unaangalia linavyotoka. Kipande kikikaa sawasawa rangi inatoka kwa mkupuo mmoja, inapanda na kushuka. Yetu ilitoka mara mbili: mkupuo wa haraka, kisha wa pili uliochelewa. Maana yake sehemu ya maji ilikuwa inapita pembeni, kati ya kauri na ganda, bila kuingia ndani kabisa. Ndiyo ile asilimia 20. Kusinyaa hakuwi sawa kwa kila kipande, silinda moja inatoka nyembamba kidogo kuliko mwenzake, ila ganda la plastiki limechongwa kwa kipimo kimoja. Huo mwanya hauuoni kwa macho, ila maji yanauona.

Niliwaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba tofauti hiyo iko ndani ya kiwango chao. Sawa, lakini kiwango chao hakisaidii kama theluthi ya malighafi yangu inapita nje ya mlango. Dawa yake nikaipata kwenye droo ya mafundi: ile tepu nyeupe ya fundi bomba, ambayo hata hivyo ni PTFE na haigombani na kiyeyushi chochote tunachotumia. Unazungushia silinda juu, katikati na chini, unaisukuma kwenye ganda kwa nguvu ya kidole gumba, na rangi inatoka mkupuo mmoja. Bidhaa ya bei hiyo isingepaswa kuhitaji tepu ya bomba.

Sasa nije kwenye jambo zito, ambalo brosha imelipitia kwa mistari miwili. Alumina iliyochomwa nyuzi 1600 imefunga. Haina vitundu. Uso wote uliopo ni ule unaouona. Pigeni hesabu nami: silinda ya sentimita 10 kwa 1 ina ujazo wa mililita 7.85, na jiroidi ya njia za milimita 1 inatoa kama mita za mraba 2000 kwa kila mita ya ujazo. Unapata sentimita za mraba 157, yaani eneo la kadi ya posta. Protini zikijipanga safu moja zinakaa miligramu 2 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kipande chote, pamoja na urembo wake, kinabeba kama miligramu 0.03 za kimeng'enya. Miligramu, ndugu zangu, si gramu.

Linganisha na Novozym 435, lipasi (kimeng'enya kinachovunja mafuta) iliyonatishwa kwenye punje za resini ambayo karibu kila maabara ya fani hii ina kopo lake. Gramu moja ya punje hizo ina uso wa mita za mraba zipatazo 130, kwa sababu kila punje imejaa vitundu vya nanomita kumi na kitu. Kauri tupu haina ubavu wa kushindana hapo.

Ndiyo maana ukiagiza, usiagize kauri tupu isipokuwa unajua utaipaka mwenyewe. Agiza iliyopakwa tabaka la gama-alumina, yaani alumina yenye vitundu vingi, au silika. Gama-alumina ina mita za mraba 150 hadi 200 kwa gramu, hivyo robo gramu tu iliyotandazwa kwenye kuta inakupa kama mita 40 za mraba, na hapo sasa unazungumza miligramu makumi kwa hesabu ya karatasi. Kwa vitendo utapata pungufu, maana kimeng'enya hakiingii kila kitundu. Katalogi yao inaziorodhesha aina zote mbili mstari mmoja, picha moja, na tofauti imeandikwa kwa herufi moja mwishoni mwa namba ya bidhaa. Mtu mwenye haraka anachagua ya bei nafuu.

Kushikiza kwenyewe ni kazi ya siku nzima, na inapendeza kwa macho. Sileni unaipitisha ikiwa kwenye kiyeyushi cha toluini, inaota kama vidole vya amino juu ya kauri. Unasuuza, unakausha kwenye oveni. Halafu glutaraldehaidi, ndani ya kabati la kuvuta moshi, glavu mkononi, kwa sababu inachoma macho na mapafu na haina masihara. Hapo kauri nyeupe inaanza kugeuka rangi, kwanza waridi hafifu, kisha chungwa la matofali. Rangi hiyo ndiyo kipimo changu cha kwanza. Kipande kikitoka na mabaka, upande mmoja chungwa na mwingine mweupe, sileni haikufika kote na hakuna sababu ya kupoteza kimeng'enya juu yake. Brosha haisemi neno kuhusu rangi. Mtu ambaye hajawahi kuona anaweza kudhani ameiunguza.

Mwishoni unazungusha myeyusho wa kimeng'enya, ukipima kwa dawa ya Bradford ni kiasi gani cha protini kilibaki kwenye maji ya kuingia na ya kutoka. Dawa hiyo ni ya kahawia, ikikutana na protini inakuwa buluu, unaisoma kwenye nanomita 595. Tofauti ya namba mbili ndiyo iliyobaki kwenye kauri. Usisahau kuhesabu na maji ya kusuuzia, kuna watu wanajisifia mzigo mkubwa kumbe nusu yake iko kwenye sinki.

Hapa nina ugomvi na kifurushi cha dawa. Sisi tulitumia lipasi B ya Candida antarctica, hamira ya porini iliyopatikana Antaktika, ajabu yake kimeng'enya chake kinavumilia nyuzi 60 bila kulalamika. Jaribio letu la kwanza lilikuwa kwenye heptani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Protini haiyeyuki kwenye heptani! Ukiinatisha tu kwenye tabaka la silika, bila sileni, bila glutaraldehaidi, haiendi kokote. Mkono wa glutaraldehaidi hapo ni gharama na sumu ya bure, tena unaweza kukifunga kimeng'enya vibaya kikapoteza sehemu ya nguvu yake. Kwenye maji ndiko mambo yanageuka: kimeng'enya kilichonata tu kinasuuzika, hapo unahitaji mkono wa kweli. Na hata mkono huo, ukiwa umeota moja kwa moja juu ya alumina, unaachia pole pole, kwa kuwa kiungo cha silikoni na alumini hakipendi maji, hasa pH ikipanda. Juu ya silika kinadumu zaidi. Maelekezo yao yanakuambia ufanye hatua zote, kila mara, kwa kila kiyeyushi. Ni maelekezo ya mtu anayeuza chupa.

Tulifanya mtihani ambao wenye fani wote wanaujua: feniletanoli na vinili asetati. Feniletanoli ina mapacha wawili, mmoja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Lipasi hii inampenda pacha anayeitwa R, inampachika asetati, na S inamwacha alivyo. Kwa hiyo mtambo mzuri unafika asilimia 50 na kusimama hapo, hata ukipunguza kasi ya pampu. Ni jaribio zuri la kupima kifaa kipya, lina dari yake, huwezi kujidanganya. Mabaki ya vinili yanageuka asetaldehaidi, ndiyo ile harufu ya matofaa yaliyoiva sana inayozagaa kwenye chupa ya kupokelea.

Kwenye silinda ya njia za milimita 1, tukisukuma taratibu tulikaribia hiyo nusu. Tukiongeza kasi, matokeo yalianguka kuliko nilivyotarajia. Punje za resini kwenye neli ya ujazo uleule ziliendelea vizuri. Bosi akasema kimeng'enya ni kidogo. Mimi nikasema njia ni pana. Hesabu yangu ilikuwa hii: molekuli ndogo ndani ya kiyeyushi husambaa kwa kama sehemu moja ya bilioni ya mita ya mraba kwa sekunde. Iliyo katikati ya njia ya milimita 1 iko nusu milimita kutoka ukutani, na kufika huko kwa kusambaa tu inahitaji sekunde 250 hivi, dakika nne. Kama inakaa ndani ya silinda dakika mbili, nyingine zinapita bila hata kukiona kimeng'enya. Misokoto ya jiroidi inasaidia kuchanganya, lakini mtiririko wa taratibu namna hii hauna vurugu, haukorogi. Njia za nusu milimita zinapunguza safari hiyo mara nne, dakika moja hivi. Tukabadilisha silinda, dawa ileile na namna ileile ya kushikiza, na matokeo yakapanda. Ukweli ni kwamba uso nao uliongezeka, kwa hiyo bosi hakushindwa kabisa. Alikubali robo tatu.

Kwa hiyo kama mtanunua, chukueni nusu milimita. Sababu pekee ya kuchukua milimita 1 ni malighafi chafu.

Na hapo ndipo kauri inaponifurahisha. Punje za resini hazipendi uchafu: chembe ndogo zinajaa katikati yake, shinikizo linapanda, pampu inapiga kelele na kujizima. Baadhi ya viyeyushi vinazivimbisha. Ukizikoroga kwenye chungu zinasagika. Kauri haivimbi, haibonyei, na shinikizo lake ni dogo kiasi kwamba kipimo chetu kwa kasi tunazotumia kilikuwa kama kimelala. Tulipitisha mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazito kweli kweli, na pampu haikulalamika. Neli ya punje ndogo isingetupa amani hiyo.

Tanuru sasa. Kimeng'enya kinachoka, hakuna kinachodumu milele, na punje za resini zikichoka unazitupa. Kauri unaichoma. Unaiweka tanuruni, unapandisha joto taratibu hadi nyuzi 500 au 550, unaacha masaa kadhaa. Protini, glutaraldehaidi, mafuta yaliyoganda, vyote vinaondoka kuwa moshi. Kinachobaki ni alumina nyeupe kama ilivyotoka kiwandani, na ile sileni nayo inaacha silika kidogo nyuma, ambayo haina madhara, pengine inasaidia. Tabaka la gama-alumina kwenye joto hilo halibadiliki. Unaanza upya. Zile tulizochoma na kupaka tena zimefanya kazi sawa na mpya, ukiacha tofauti ndogo za kawaida. Ila msifungue mlango wa tanuru likiwa bado jekundu: alumina ni ngumu kwa kisu na dhaifu kwa mshtuko wa joto, ikikutana na hewa baridi inalia tik na umeshapata vipande viwili. Acheni ipoe humo humo hadi kesho.

Ukiwa Dar au Eldoret, hili ni jambo kubwa kuliko namba zote za juu. Tanuru la nyuzi 550 lipo kwenye idara nyingi za kemia na jiolojia. Resini mpya lazima iagizwe, ilipiwe kwa fedha za kigeni, isubiri forodha. Kauri ukiinunua mara moja unabaki nayo, unachohitaji kuagiza ni kimeng'enya na dawa chache. Ndiyo nusu nyota yangu. Kwa wanaofanya kazi na mafuta yetu ya nyumbani, nyonyo, nazi, na yale ya maganda ya korosho ambayo watu wa kemia pale Mlimani wameyafanyia kazi miaka mingi, malighafi huwa nzito na huwa na takataka, na njia pana zinastahili kujaribiwa kabla ya kukimbilia punje.

Lakini kama malighafi yako ni safi, nyepesi, na unataka tu gramu chache za bidhaa kwa ajili ya tasnifu, nunua punje, jaza neli, endelea na maisha. Usimsumbue msimamizi wako na kauri.

Huduma yao kwa wateja: wanajibu haraka, wanajibu kwa adabu, hawajibu swali. Niliuliza pH ya mwisho inayovumilika, nikatumiwa tena brosha ileile. Ufungaji ulikuwa mzuri, kila silinda kwenye sponji yake, hakuna iliyofika na ufa.

Agizo letu la pili limeshaondoka. Tumeomba silinda za nusu milimita zilizopakwa silika, nje zimesagwa baada ya kuchomwa ili zote ziwe na kipenyo kimoja. Kusaga wanatoza zaidi, tumekubali. Dawa zao tumekataa, sileni na glutaraldehaidi tunanunua kwa muuzaji wa kawaida wa kemikali kwa bei ya chini sana. Ganda nalo tumelikataa. Fundi wetu wa karakana amelichonga la chuma cha pua, lina kifuniko chenye skrubu nne, na oringi zake zinapatikana kwenye duka la vipuri vya magari.